Nyuso za Malaika wa Rwamurinzi

Kibimba, Ngara
4 Februari 2025

Mwanangu Iteka,

“Malaika wa Rwamurinzi walichorwa weupe. Weusi ule ni uchafu, na uchafu huoshwa.”

Ndivyo alivyosema Mzee Wiston Jumapili, amesimama mbele ya altare, mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, kofia mkononi, na watu wakaitikia kana kwamba amesoma Injili. Nimeanza na maneno yake kabla ya salamu kwa sababu hayajanitoka kichwani. Nisipoyatua hapa sitaweza hata kukuuliza hali.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Baridi ya huko Austria imepungua? Sisi wazima. Dada yako Happy amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya dalali wa mnada. Maharage ya kwanza tumevuna, ingawa panya walitutangulia. Mimi shuleni naendelea, nafundisha historia watoto wanaoniuliza kama nilimwona Mjerumani kwa macho.

Jambo lenyewe ni hili. Kigango chetu cha Rwamurinzi kinatimiza jubilei tarehe 15 Agosti, na kamati imeamua kuwapaka malaika rangi nyeupe ya mafuta, nyuso na mikono. “Tunawarudisha walivyokuwa,” anasema Wiston. Walivyokuwa lini? Nani alipima? Ukuta ule ulichorwa na babu yako, Katekista Yohanes, mwaka 1958. Mkoloni yuko ofisini, padri Mzungu yuko sakristia, na Mhangaza mmoja, mwenyeji wa hapa Ngara, anapanda ngazi na kuchora malaika weusi juu ya altare. Nimeliandika hilo gazetini na kulisema redioni. Niliandika wazi, dhidi ya wale wanaodai kwamba alisaidiwa na bruda fulani kutoka Ulaya: hakuna mkono wa mgeni uliowahi kugusa ukuta ule.

Hoja ya Wiston ni nyepesi. Kama ni uchafu, mbona kanzu za malaika ni nyeupe mpaka leo? Ni moshi gani huo unaochagua nyuso na kuacha nguo? Nilimwuliza hivyo mbele ya watu.

“Mwalimu,” akanijibu, “mimi nilipokea komunyo ya kwanza pale. Niliwaona kwa macho yangu. Weupe kama maziwa.”

“Ulikuwa na miaka minane, Mzee Wiston. Mtoto wa miaka minane siku ya komunyo anaona andazi aliloahidiwa nyumbani.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. “Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa sijazaliwa.”

“Basi wasiokuwepo wanyamaze.”

Wakacheka zaidi, nami nikakaa.

Kwa hiyo nakutegemea wewe. Zile chembe za rangi ulizookota Krismasi chini ya ukuta kwa ruhusa ya paroko, zipime. Unapima makanisa ya wenzetu kila siku, sasa pima la kwenu. Nataka karatasi yenye muhuri wa maabara nimwekee Wiston mezani. Usinipigie simu. Simu ni ya kuulizia bei ya mbegu. Mambo mazito nayataka kwenye karatasi, niyasome mara mbili.

Shangazi yako,
Deodata


Austria
20 Machi 2025

Shangazi Deodata, shikamoo.

Barua yako ilifika siku theluji ilipoanza kuyeyuka. Nimefurahi kusikia habari za Happy. Mwambie nitamtumia mtoto kofia ya sufu, najua mtacheka, lakini asubuhi za Kibimba nazikumbuka. Mimi mzima. Nakula vizuri, nasali, na nimejifunza kuteleza kwenye barafu bila kuanguka mbele za watu.

Tunafanya kazi kwenye kanisa dogo la karne ya kumi na nne, kubwa kidogo kuliko darasa lako. Kuta zote zimechorwa. Utashangaa, Shangazi: malaika wa hapa nao nyuso zao ni nyeusi. Wenyeji wana hadithi yao. Wanasema vita vilipita, askari wakawasha moto ndani, moshi ukawachafua. Kazi yangu ni kuwaambia kama ni kweli. Nachukua chembe ndogo kuliko punje ya ulezi, naigandisha kwenye gundi ngumu, naikata, kisha naitazama ubavuni kwa hadubini. Hapo rangi haionekani tena kama rangi. Inaonekana kama ukingo wa barabara uliokatwa na greda: udongo huu, juu yake udongo ule, na kila tabaka liliwekwa na mtu au na jambo fulani.

Chembe za Rwamurinzi nimeziingiza kwenye foleni. Sikuzipima mwenyewe. Nimempa mwenzangu wa maabara bila kumwambia zinatoka wapi wala nani anagombana na nani. Mtu asipime ukuta wa babu yake.

Kuhusu kanzu, Shangazi, ulisahau kumwambia Mzee Wiston kwamba akina mama huzipaka chokaa upya kila Pasaka. Nimewaona tangu utoto, wanapaka kanzu na anga, nyuso hawazigusi. Weupe wa kanzu hauthibitishi kitu. Ningekuwa Wiston ningekushinda hapo.

Nina maswali. Je, moto uliwahi kuwashwa ndani ya kanisa? Si mishumaa, moto wa kupikia. Lini? Na je, unakumbuka kama nyuso zilikuwa nyeusi ulipokuwa mdogo, au ulizikuta hivyo ulipokuwa mkubwa?

Mama hajaniandikia tangu Januari. Umefika Nyarubungo? Umemwona?

Mpwa wako,
Iteka


Kibimba
28 Aprili 2025

Mwanangu Iteka,

Pasaka imepita salama. Mtoto wa Happy amebatizwa, tumemwita Irine. Mvua ya masika imetutesa: daraja la chini limekwenda, na migomba kumi hivi imelala kama walevi. Mguu wangu bado unauma nikipanda mlima, lakini mdomo hauumi, kama anavyosema mkwe wangu.

Umenichapa kwa habari ya chokaa. Sawa. Nimeiondoa hoja hiyo, sitaitumia tena. Unaona kwamba nasikia nikiambiwa.

Maswali yako. Nyuso zilikuwa nyeusi nilipokuwa mdogo. Nakumbuka nimekaa mkeka wa watoto nikiwatazama, nikijiuliza kwa nini malaika wanafanana na baba. Alikuwa amefariki tayari, nilikuwa darasa la pili. Kwa hiyo Wiston hawezi kuniambia ni uchafu wa juzi.

Moto ndani ya kanisa uliwashwa mara moja tu, Oktoba 1993, Warundi walipovuka mpaka baada ya rais wao kuuawa. Walijaa Kibimba yote. Padri akafungua kanisa walale humo. Mvua ilikuwa inanyesha, wakapika ndani. Walikaa hadi walipopelekwa kambini. Mimi sikuwepo, nilikuwa Tabora nafundisha; niliporudi nilikuta mambo yamekwisha. Kwa nini unauliza? Usiniambie unampa Wiston moshi wake!

Huku mambo yanakwenda kasi. Juma lililopita fundi Minani alifika na kopo la rangi ya mafuta na msasa. Nilipata habari nikiwa darasani, nikawaachia watoto zoezi la Vita vya Majimaji, nikateremka. Nilimkuta juu ya ngazi.

“Shuka, Minani.”

“Mama, mimi nimetumwa tu.”

“Hata Pilato alikuwa ametumwa.”

Akafikiri kidogo, kisha akashuka. “Basi niletee maji ninawe, niende zangu.”

Nilicheka, siwezi kukuficha. Lakini alikuwa amekwisha kusugua kidole cha malaika wa mwisho kulia, na chini ya weusi hakukuonekana weupe wowote, ulionekana weusi mwingine. Nikamwonyesha. Akasema, “Mwalimu, hapa pana mambo.” Padri amesimamisha kazi mpaka taarifa yako ije. Sasa kila kitu kinasubiri maabara yako. Wiston mwenyewe amekubali mbele ya watu: “Sayansi ikisema walikuwa weusi, nanyamaza.” Mkamate kwa neno lake.

Nyarubungo sijafika. Njia ni mbaya.

Wako,
Deodata


Austria
2 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Nampenda Irine kabla sijamwona. Pole kwa migomba. Hapa majani yamerudi kwenye miti na watu wanakaa nje kwenye jua kama mijusi. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja zaidi. Mama nimempigia, anasema yu mzima, kisha anauliza kama nimekula, kisha anasema salio linakwisha ingawa mimi ndiye niliyepiga.

Nimeandika barua hii mara tatu. Naomba uisome hadi mwisho kabla hujasimama.

Nyuso zilichorwa nyeupe.

Si chokaa. Ni rangi ya risasi, yale madini mazito yaliyo kwenye betri za magari. Zamani iliuzwa kwenye makopo kwa ajili ya milango na madirisha, na katika stoo ya misheni yoyote ilikuwa rangi bora na ya thamani kuliko zote. Ukiichanganya na mafuta yake na kuipaka kwenye mbao, hubaki nyeupe miaka mingi. Ukiichanganya na maji ya chokaa na kuipaka kwenye ukuta wenye unyevu, inageuka. Inakuwa kahawia, kisha nyeusi. Haichafuki, inageuka yenyewe kutoka ndani. Wachoraji wa kanisa hili la hapa walifanya kosa hilo hilo miaka mia sita na zaidi kabla ya babu. Hakuna askari aliyewasha moto. Hadithi ya wenyeji imekufa mikononi mwangu, na mzee mmoja anayetunza ufunguo wa kanisa hanisalimii tena.

Nafikiri hivi ndivyo ilivyokuwa. Babu alizipaka kanzu chokaa ya tanuru, kama kila mtu. Nyuso alitaka zing'ae kupita kanzu, akazipa rangi bora aliyoweza kuipata, bila kujua kwamba chokaa ingeila. Angezipaka vitu duni, zingekuwa nyeupe mpaka leo.

Kwa hiyo Mzee Wiston aliwaona weupe. Wewe miaka ya sabini uliwaona weusi. Hakuna kati yenu aliyesema uongo.

Kuna jambo jingine kwenye chembe zile. Bado sijamaliza nalo. Naomba unipe muda.

Iteka


Kibimba
24 Juni 2025

Iteka,

Tu wazima. Irine ana jino.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Kisha nimekwenda kanisani peke yangu nikamtazama baba yangu ukutani, mtu niliyeiambia dunia kwamba alimtunishia mkoloni kifua, kumbe alikuwa anatafuta weupe unaong'aa zaidi. Unajua ni vijana wangapi wamesimama chini ya malaika wale kwa sababu ya makala zangu? Walimu wanaleta wanafunzi kwa lori. Nimewafundisha kwamba mtu wao alisema hapana. Sasa niwaambie nini? Kwamba alikosea mchanganyiko?

Sikatai kipimo. Mimi si Wiston, sikatai ninachoonyeshwa. Lakini nakuomba kama shangazi yako aliyekupeleka shule: taarifa hiyo iweke kabatini hadi jubilei ipite. Ukweli hauozi. Ukikaa miezi miwili hautanuka. Ukitoka sasa, Wiston atapanda ngazi mwenyewe na kopo lake, na atakuwa na muhuri wako mkononi. Utakuwa umemfuta babu yako kwa kalamu yako.

Na hilo “jambo jingine” sitaki kulisikia.

Deodata


Austria
9 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi kwa jino la Irine. Hapa tu wazima.

Sitaiweka kabatini. Taarifa nimeituma kwa paroko siku ile ile ninayokutumia hii, kwa sababu ruhusa ya kuchukua chembe alinipa yeye, si wewe wala Mzee Wiston. Unikasirikie. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeficha ushahidi ameshakiri kushindwa. Ulilisema hilo meza nzima ikisikia, nikiwa kidato cha pili, nilipoficha ripoti ya shule.

Lakini taarifa ina kurasa mbili, nawe umesoma moja. Sasa soma ya pili, kwa kuwa inakuhusu zaidi.

Juu ya rangi ya risasi iliyogeuka kuna tabaka la masizi. Ni ya kuni, na yana mafuta ya chakula ndani yake. Hayo ndiyo mapishi ya Oktoba 1993. Ndiyo maana nilikuuliza. Masizi yana mikwaruzo. Mtu aliyasugua kwa jivu, kwa nguvu, na jivu likang'oa rangi mahali pengi, likaacha madoa. Juu ya mikwaruzo hiyo kuna tabaka la mwisho: udongo mwekundu uliosagwa laini, masizi yaliyochanganywa kwa makusudi, na samli ya ng'ombe. Limepakwa kwa uangalifu sana, mara mbili, kufuata mistari ya babu ya macho na pua. Weusi unaouona leo, ule ulioutetea mbele ya Minani, si wa babu. Ulipakwa na mtu aliyekuja baada ya moto.

Mwenzangu aliyepima, asiyejua lolote, aliandika pembeni: “Aliyefanya hivi alijaribu kusafisha kwanza. Aliposhindwa, akarekebisha.”

Shangazi, mimi nilijua. Mama aliniambia nikiwa na miaka kumi na miwili, tunapalilia maharage Nyarubungo. Ni yeye. Alikuwa mmoja wa waliolala kanisani, na baba yangu Gozbert, kaka yako, ndiye aliyemletea samli na kumshikia ngazi. Aliniambia nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikilisema mimi, mtasema binti anamtafutia mama yake sifa. Nilitaka ukuta useme wenyewe, kwa mdomo wa mtu asiyetujua.

Sasa kuna hatari ambayo lazima uijue kabla ya Wiston. Rangi ya risasi iliyogeuka inaweza kurudishwa nyeupe. Ipo dawa. Tumeijaribu hapa kwenye shavu la malaika mmoja, kipande cha ukubwa wa ukucha, na weupe umerudi. Paroko akitaka, siku moja inaweza kufanyika Rwamurinzi. Malaika wa babu wangerudi kama alivyowaota. Lakini ili dawa imfikie babu, lazima kwanza mama akwanguliwe.

Huwezi kuwa nao wote wawili. Ukuta ni mmoja. Kwenye taarifa nimeandika maoni yangu kama mtaalamu: wasiguse chochote, watengeneze paa na msingi tu, maana unyevu ndio adui. Lakini paroko hutazama kamati, na kamati hutazama wewe na Wiston mnavyopigana.

Miaka mitatu sasa mama hakusalimii. Unadhani ni kiburi. Nenda ukamwulize mwenyewe, mimi sitakuambia.

Iteka


Kibimba
3 Agosti 2025

Mwanangu Iteka,

Nakusalimu. Happy anakusalimu, Irine amekuchorea ndevu kwenye picha kwa uji. Kiangazi kimekausha kila kitu, vumbi mpaka kwenye chumvi.

Nilikasirika siku mbili, sitasema zaidi. Siku ya tatu nikaenda Nyarubungo.

Nilimkuta mama yako anaanika muhogo. Hakusimama. “Karibu, Mwalimu,” akaniambia, kama karani wa kijiji. Nikamwambia, “Mimi ni wifi yako, si mwalimu wako.” Akageuza muhogo upande wa pili. “Wifi alikuwepo. Siku hizi kuna Mwalimu wa redioni.”

Nikaona mlango ndio huo. Nikamwuliza kosa langu.

“Uliandika,” akasema, “hakuna mkono wa mgeni uliowahi kugusa ukuta ule. Lilisomwa kanisani, watu wakapiga makofi. Nikautazama mkono wangu. Nikasema, haya, kumbe mkono huu haupo.”

“Nilikuwa nawasema Wazungu, Anjelika! Kuna mtu alidai kwamba bruda wa Ulaya ndiye aliyechora!”

“Hukuandika Wazungu. Uliandika mgeni. Nimekaa hapa zaidi ya miaka thelathini, nimezika mume hapa, na uhamiaji wakitafuta mgeni wananijia mimi kwanza. Wewe ukisema mgeni, unataka nimfikirie nani?”

Nilitafuta jibu, Iteka. Unanijua. Nilitafuta kwa bidii. Kisha nikachukua kisu nikaanza kumenya muhogo.

Baadaye alinisimulia mwenyewe. Hakutaka kumpinga mkoloni wala kumtukuza mtu mweusi. Aliona haya. Walikuwa wamepewa kanisa la watu walale, nao wakalijaza masizi. Walipoambiwa wataondolewa, akasema hawezi kuacha nyumba ya wenyeji ikiwa chafu. Akasugua kwa jivu kama mnavyosugua sufuria, rangi ikabanduka. Akasema, “Nilijua watasema Warundi wameharibu hata malaika.” Akasaga udongo mwekundu kama mama zake walivyosaga wa kupakia nyumba, akatia masizi, akatia samli ya Gozbert, akawafuata malaika mstari kwa mstari. Aliwakuta weusi, akawarudishia weusi. Hakujua kwamba walikuwa wamewahi kuwa weupe. Hakuna aliyetambua, kwa kuwa aliifanya vizuri mno. Waliomwona akiwa juu ya ngazi walirudi kwao Burundi zamani.

“Nitalisema hadharani,” nikamwambia.

“Usilitaje jina langu.”

“Kwa nini?”

“Watasema nilichafua kanisa.”

“Watasema mbele yangu?”

Akacheka kidogo, cheko la kwanza. “Hapo kweli. Mbele yako hawatasema.” Kisha akafunika muhogo. “Basi litaje. Lakini uandike na ya mzee. Uandike kwamba alipaka weupe na alitaka ung'ae. Usimfiche mkwe wangu kwa aibu yako.”

Umeona, mwanangu? Mimi nilitaka kumficha baba yangu, na mke wa kaka yangu, ambaye hakuwahi hata kumwona mzee akiwa hai, ndiye anayemtetea dhidi yangu. Mimi bado namtaka yule baba aliyesema hapana. Nimemlea kichwani tangu darasa la pili, na kumzika sasa kunauma. Na weupe wake ningependa kuuona, hata mara moja. Lakini dawa yako isije. Haki ya kumwona baba siinunui kwa kumkwangua mtu aliye hai, anayeanika muhogo Nyarubungo.

Barua ifuatayo nimeipeleka kwa paroko isomwe Jumapili, na nakala nimeibandika mlangoni. Nakunukulia.

“Kwa Mzee Wiston, wajumbe wa kamati ya ukarabati, na fundi Minani.

Mlisema weusi wa malaika ni uchafu. Mimi nilisema ni ukaidi wa baba yangu. Kipimo kimetukataa sote. Baba yangu aliwapaka weupe, na rangi bora aliyoitumia ikageuka. Wageni tuliowapa hifadhi waliwatia masizi, na mmoja wao, Anjelika, mjane wa kaka yangu Gozbert, aliwasafisha akashindwa, kisha akawapaka upya kwa udongo wa hapa na samli ya hapa. Niliwahi kuandika kwamba hakuna mkono wa mgeni uliogusa ukuta ule. Nililoandika si kweli, na waliopiga makofi wayarudishe.

Mzee Wiston, ulisema sayansi ikisema walikuwa weusi utanyamaza. Imesema walikuwa weupe, nawe huna sababu ya kunyamaza. Lakini vilevile huna sababu ya kupaka, kwa sababu ulichokiita uchafu ni kazi ya mtu, naye yu hai, na wengi wenu mmekula kwake kwenye matanga ya Gozbert.

Minani, rudisha rangi ya mafuta dukani. Ikiziba ukuta ule, maji hayatakuwa na pa kutokea, na plasta itaanguka na malaika wote. Wajumbe, vunjeni saruji mliyoizungushia msingi, inayofungia maji chini na kuyapandisha ukutani. Zibeni bati lililotoboka juu ya altare. Msasa usiingie kanisani. Asitokee mtu wa kusema tumkwangue mmoja ili tumpate mwingine. Na asitokee hata akiwa na dawa kutoka Ulaya.

Na wewe, Mzee Wiston, siku ya jubilei utasimama mbele ya watu ukiwa mwenyekiti. Nakutaka uyataje majina mawili ya waliochora ukuta ule, Yohanes na Anjelika, yote mawili, kwa sauti inayofika mlangoni. Na usianze na la baba yangu.”